Nuru Isiyoonekana na Elimu ya Nyota

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Klabu ya Sayansi

Klabu ya Sayansi iliombwa iandike habari za nyota kwa ajili ya toleo hili, na wenzangu wakanitwika mimi kazi hiyo. Sikupenda kuandika mambo ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasoma katika kitabu cha jiografia, kama vile idadi ya sayari na jinsi mwezi unavyopatwa. Nimeona afadhali nieleze jambo moja ambalo halimo katika mtihani wetu, lakini lafaa kujulikana. Ziko nyota ambazo sehemu kubwa ya nuru yake haionekani kwa macho ya binadamu, wala haifiki hapa chini, na watu wamelazimika kuifuata juu kabisa ya hewa ili waipate.

Kwanza nataka wasomaji wajue kwamba sisi tunaokaa Masasi na Newala tuna bahati kubwa. Taa zetu si nyingi, na umeme ukikatika mbingu nzima hufunguka. Tena tuko kusini mwa Ikweta kwa digrii kumi na moja hivi tu, kwa hiyo twaziona nyota nyingi za kaskazini na nyingi za kusini pia. Mtu wa London hawezi kuona baadhi ya vitu nitakavyovitaja hata apande juu ya mnara.

Mwezi wa Februari, mvua ikipumzika, tokeni uwanjani saa mbili usiku mtazame juu ya vichwa vyenu. Mtaona nyota tatu zilizopangana katika mstari. Hizo zimo katika kundi la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion. Upande mmoja wa mstari huo iko nyota nyekundu, jina lake Betelgeuse. Upande wa pili iko nyota nyeupe inayoelekea buluu, jina lake Rigel, nayo hupita karibu juu kabisa ya utosi wetu. Watu wengi huziona nyota hizo kila mwaka bila kujiuliza kwa nini moja ni nyekundu na nyingine ni buluu.

Jibu analijua kila mhunzi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha rangi ya chungwa, na kikizidi sana hung'aa kama cheupe. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Uso wa Betelgeuse una joto la digrii kama 3,300 za sentigredi, Jua letu kama 5,500, na Rigel karibu 12,000. Nyota za Kilimia, ambazo wakulima wa pwani walizitumia tangu zamani kujua majira ya kulima, ni za namna ya Rigel: ni changa, zina moto mkali, na ni buluu.

Sasa tujiulize, je, kitu kikiwa cha moto kuliko buluu huwa rangi gani? Hapa ndipo macho yetu yanapoishia. Katika upinde wa mvua rangi ya mwisho upande wa buluu ni urujuani. Zaidi ya hapo nuru yaendelea, ila sisi hatuna jicho la kuipokea. Nuru hiyo iliyo ng'ambo ya urujuani huitwa urujuanimno. Wataalamu hupima nuru kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo chao ni nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho la mtu huona kuanzia kama nanomita 700, ambayo ni nyekundu, hata 400, ambayo ni urujuani. Urujuanimno huanzia 400 kushuka hata 10. Nyuki huona sehemu yake, ndiyo maana ua la mkorosho kwa nyuki si ua lile lile tulionalo sisi.

Aliyeigundua ni Mjerumani, Johann Ritter, katika mwaka 1801. Mwaka uliotangulia, William Herschel kule Uingereza alikuwa ameonyesha kwamba ng'ambo ya nyekundu kuna joto lisiloonekana. Ritter akawaza kwamba kama upande mmoja una ziada, huenda na upande wa pili unayo. Alichukua chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, akaiweka katika rangi zilizotoka kwenye prizimu, moja baada ya nyingine. Kwenye nyekundu iligeuka polepole mno. Kwenye urujuani iligeuka upesi. Akaiweka mahali ambapo hapakuwa na rangi yo yote, mbele kidogo ya urujuani, nayo ikageuka upesi kupita kote. Napenda jaribio hili kwa sababu halihitaji mashine yo yote ya fedha nyingi.

Basi Rigel, kwa kuwa ina moto wa digrii 12,000, hutoa nuru yake kwa wingi zaidi katika urujuanimno, karibu na nanomita 240. Rigel tuionayo sisi ni mabaki tu ya Rigel yenyewe. Kama tungekuwa na macho ya urujuanimno, Betelgeuse ingefifia sana na Rigel ingetuumiza macho. Ziko nyota zenye moto kuliko Rigel mara mbili na tatu. Chini ya zile nyota tatu za Jabari kuna kitu kama moshi mweupe, kinaonekana hata kwa macho matupu. Ni wingu la gesi, na ndani yake mna nyota ya digrii karibu 39,000. Wingu lile hung'aa kwa sababu linapigwa na urujuanimno wa nyota hiyo na wenzake, kisha gesi hutoa nuru ya namna tunayoweza kuiona. Taa ndefu za tyubu, zile za zamani kabla ya hizi za LED, hufanya kazi kwa namna inayofanana: mvuke wa zebaki ndani yake hutoa urujuanimno, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huugeuza kuwa mwanga wa kusomea.

Kwa hiyo mwanafalaki akitaka kujua habari za nyota zenye moto mkali, za namna zinavyozaliwa na namna zinavyokufa, hana budi autazame urujuanimno. Lakini hapo anakuta mlango umefungwa. Hewa yetu huzuia karibu kila kitu kilicho chini ya nanomita 300. Anayezuia ni ozoni, gesi iliyo kama oksijeni ila yenye atomu tatu badala ya mbili, nayo imekaa hasa kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu. Kwenye mawimbi mafupi zaidi oksijeni yenyewe huzuia.

Rafiki yangu mmoja katika klabu alisema, "Basi si waweke darubini juu ya Kilimanjaro?" Ni neno la akili, lakini halifai. Kilimanjaro ina urefu wa meta 5,895. Ukifika kileleni umeacha nyuma yako karibu nusu ya hewa yote, lakini ozoni bado iko juu ya kichwa chako karibu yote. Mlima wo wote duniani ni mfupi kwa kazi hii. Zamani bibi zetu wa Newala walishuka mpaka bondeni kuteka maji, kwa sababu huko juu uwandani maji hayakukaa. Wanafalaki nao imewapasa kuifuata nuru hiyo mahali ilipo, ila wao hupanda badala ya kushuka.

Mwenzangu mwingine, tunayelala naye bweni moja, aliuliza swali zito kuliko hilo. Yeye ana ualbino. Kila siku huvaa kofia pana na shati la mikono mirefu, na katika kazi za shamba za mchana hupewa kazi ya ndani. Akaniambia, "Kaka, wewe wasema urujuanimno haufiki chini. Mimi daktari ameniambia huo ndio unaoniunguza. Nani kati yenu ni mwongo?"

Hakuna mwongo. Urujuanimno una sehemu tatu. Ile iliyo karibu na urujuani, kati ya nanomita 400 na 315, hupita hewani kwa wingi. Sehemu ya kati, kati ya 315 na 280, huzuiwa karibu yote, lakini ile kidogo inayovuja ndiyo yenye ukali wa kuunguza ngozi. Ya tatu, chini ya 280, haifiki kabisa. Huku kwetu karibu na Ikweta Jua huwa juu ya kichwa, na ozoni ya nchi za joto ni nyembamba kuliko ya nchi za baridi, kwa hiyo kinachovuja ni kingi zaidi. Mwenye rangi nyeusi katika ngozi yake ana mwavuli wa asili. Mwenye ualbino hanao, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake, si ya kutishia watoto. Mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya kujikinga na Jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nayataja hapa kwa sababu wazazi husoma gazeti hili, na huenda katika kijiji chao yuko mtoto asiyejua kwamba mafuta hayo yapo.

Basi ozoni ile ile inayowafunga macho wanafalaki ndiyo inayomwezesha mwenzangu huyo kutoka nje ya bweni. Kama ingeondoka, hata sisi wenye ngozi nyeusi tusingeweza kulima.

Sasa nieleze jinsi watu walivyokwenda juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wataalamu walifunga vyombo vyao juu ya roketi zilizopanda na kuanguka. Kila safari iliwapa dakika chache tu juu ya hewa, halafu roketi hurudi chini. Hata hivyo walipata mengi. Mwaka 1970 chombo kimoja cha namna hiyo kilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba kati ya nyota kuna hidrojeni iliyoungana atomu mbili mbili, yaani gesi ambayo nyota mpya hufanyizwa kwayo. Gesi hiyo huacha alama zake katika urujuanimno.

Aliyekibuni chombo hicho ni George Carruthers, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1939. Nataka wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza wamjue mtu huyu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alijitengenezea darubini kwa bomba la karatasi ngumu na lenzi alizoagiza kwa posta. Baadaye alisomea uhandisi hata akapata udaktari mwaka 1964, akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Mwezi wa Aprili, 1972, wanaanga wa Apollo 16 walikipeleka mwezini chombo chake kingine, kamera ya urujuanimno. Mwanaanga John Young akaisimamisha katika kivuli cha chombo chao cha kutua. Hiyo ndiyo darubini ya kwanza kupata kusimamishwa juu ya mwezi. Filamu ililetwa duniani; kamera yenyewe ingali huko hata leo. Katika picha zake Dunia yaonekana imezungukwa na wingu kubwa la hidrojeni linalong'aa, na kandokando ya Ikweta yaonekana mikanda ya nuru ya urujuanimno. Sisi hulala chini ya mikanda hiyo bila habari. Carruthers alifariki mwezi wa Desemba, 2020.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa ikijaribu kuweka darubini katika setilaiti, zikae juu miaka na si dakika. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Ya kwanza ilirushwa Aprili 1966, ikafa baada ya siku chache kabla haijatazama hata nyota moja. Ya pili, ya Desemba 1968, ilifaulu na kufanya kazi hata mwanzo wa 1973. Nyingine, ya Novemba 1970, haikufika hata mahali pake. Ya Agosti 1972, iliyopewa jina la Copernicus, ilifaulu kwa miaka minane na zaidi. Ndipo Januari 1978 ikarushwa ile ninayoipenda mimi, iliyojengwa kwa shirika la Marekani, Uingereza na nchi za Ulaya. Jina lake kwa kifupi ni IUE. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimeta 45 tu, pungufu ya meza ninayoandikia. Waliijenga idumu miaka mitatu. Ilidumu zaidi ya miaka kumi na minane, ikafungwa Septemba 30, 1996, hali ingali yaweza kufanya kazi.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ilitukia juu ya Newala, kama naweza kusema hivyo. Anayefika Newala husimama ukingoni mwa uwanda wa juu, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi huporomoka ghafula na bonde la Ruvuma hutandaa chini mpaka Msumbiji. Usiku wa Februari ukitazama kusini kutoka hapo, utaona juu ya Msumbiji doa jeupe kama kipande cha wingu kisichosogea na upepo. Si wingu. Ni galaksi nyingine, jirani yetu, ambayo Wazungu huiita Wingu Kubwa la Magellan. Iko mbali sana, lakini ni kundi la mabilioni ya nyota. Watu wengi wa Ulaya hawapati kuiona kamwe.

Tarehe 23 Februari, 1987, nyota moja ndani ya doa hilo ilionekana kulipuka. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu mwaka 1604 mlipuko wa nyota kuonekana wazi namna hiyo kwa macho matupu. Kufika Mei ilikuwa yang'aa kama nyota za kawaida tunazoziona. Wakati wa likizo nilimwuliza babu yangu kama aliiona, kwa kuwa miezi hiyo alikuwa akikesha shambani. Alinijibu, "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nikiangalia nguruwe wasile mahindi." Nadhani aliiona, ila hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa mpya.

Mara habari zilipofika, wale wa IUE waliielekeza darubini yao kwenye mlipuko. Swali kubwa lilikuwa hili: ni nyota gani iliyolipuka? Wataalamu walitazamia kwamba zinazolipuka namna hiyo ni nyota nyekundu, zilizozeeka na kuvimba, za namna ya Betelgeuse. Lakini katika picha za zamani, mahali pale palikuwa na nyota ya buluu. Basi walingoja. Mlipuko ulipopoa, nuru yake ya urujuanimno ilififia upesi sana, ingawa kwa macho ulikuwa bado wazidi kung'aa. Kwa hiyo katika urujuanimno tu ndipo ilipowezekana kuchungulia nyuma ya moto na kuona kilichobaki. Mwanzoni walidhani nyota ya buluu ingalipo, maana mahali pale palibaki nuru kidogo. Walipopima sawasawa wakakuta ni nuru ya nyota mbili jirani zake. Ya buluu haikuwako tena. Hivyo wataalamu wakalazimika kusahihisha vitabu vyao.

Halafu likatukia jambo ambalo wapenda hesabu watalifurahia. Baada ya siku 83 hivi IUE ilianza kuona nuru mpya, ya gesi yenye naitrojeni nyingi, nayo ikaongezeka mpaka siku ya 413 hivi. Maana yake ni kwamba nyota ile ilikuwa imezungukwa na pete ya gesi iliyotupwa zamani, na mwako wa mlipuko ulikuwa ukiifikia pete na kuiwasha. Pete imelala mshazari mbele yetu: sehemu iliyo karibu nasi tuliiona ikiwaka kwanza, na iliyo mbali mwisho. Jumlisha 83 na 413, gawa kwa mbili, utapata siku 248. Basi kutoka katikati mpaka kwenye pete ni mwendo wa nuru wa siku 248, yaani kama 0.68 ya mwaka wa nuru. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 iliipiga pete hiyo picha, ikaonekana kwamba urefu huo huo kwetu ni pembe ya 0.83 hivi ya sekunde. Digrii moja ina sekunde 3,600. Wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, kama mwajua tanjiti, mnaweza kujikokotolea wenyewe umbali wa Wingu la Magellan. Jibu lenu likitoka kati ya miaka ya nuru 160,000 na 170,000, mmepata. Mimi nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini kwamba umbali wa namna hiyo waweza kupatikana kwa hesabu ya ukurasa mmoja.

Huenda msomaji atauliza, "Je, Afrika Mashariki haikuhusika po pote?" Ilihusika. Ng'ambo ya urujuanimno, kwenye mawimbi mafupi zaidi, iko mionzi ya eksirei, ile ile ya hospitali, nayo pia huzuiwa na hewa. Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za mbinguni ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Siku hiyo ilikuwa Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Bibi Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaipa setilaiti jina la Kiswahili, Uhuru. Walichagua mahali pale kwa sababu karibu na Ikweta Dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko po pote, kama meta 465 kwa sekunde, na kasi hiyo huisaidia roketi. Tena njia ya juu ya Ikweta hukwepa sehemu yenye mionzi mibaya iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini. Uhuru ilifanya kazi hata Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wataalamu wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kimoja cha vyanzo hivyo huitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kikipepesa upesi mno, mara nyingi katika sekunde moja, na mahali pake ikaonekana nyota kubwa ya buluu, yenye moto mkali wa urujuanimno, inayozungushwa na kitu kisichoonekana mara moja kila siku 5.6. Kitu hicho ni shimo jeusi, la kwanza ambalo wataalamu wengi walikubali kwamba ndilo. Basi jina la Kiswahili limo katika historia hiyo. Lakini waliokaa mbele ya mitambo ile na kusoma habari zake hawakuwa watu wa kwetu, nami naona jambo hilo si la kulifumbia macho.

Leo darubini kubwa ya urujuanimno ni ile ile Hubble. Wanaanga waliifikia kuirekebisha kwa mara ya mwisho mwaka 2009, na tangu hapo hakuna fundi aliyepanda. Darubini mpya ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ni kubwa zaidi, lakini hutazama upande wa pili, ng'ambo ya nyekundu, urujuanimno haiuoni. Uhindi ina darubini yake ndogo, iliyorushwa mwaka 2015 katika setilaiti ya AstroSat. Mwaka 2024 Marekani ilichagua kujenga nyingine, iitwayo UVEX, ambayo imepangwa kurushwa mwaka 2030 ipige picha mbingu nzima, pamoja na yale Mawingu ya Magellan tunayoyaona kutoka Shimo la Mungu. Katikati ya sasa na wakati huo, Hubble ikiharibika, jicho kubwa la urujuanimno litakuwa limefumba, na nyota ikilipuka jirani kama ya 1987 haitapata mtazamaji wa kufaa.

Kazi za IUE hazikutupwa. Ilipima nuru zaidi ya mara 100,000, na vipimo hivyo vyote vimehifadhiwa, navyo mtu ye yote duniani aweza kuvisoma kwa kompyuta bila malipo. Hata Rigel imo. Mwalimu wetu wa fizikia ametukubalia saa moja kila Jumamosi katika chumba cha kompyuta, umeme ukiwapo. Tumeanza kuchora grafu ya nuru ya Rigel kutoka nanomita 120 hata 320, na kisha tutafanya ya Betelgeuse tuzilinganishe. Anayetaka kujiunga nasi aje na karatasi za grafu na penseli yake, kwa maana za klabu zimekwisha.